Kazi ya urubani: ipime kwa mwezi wake mbaya

Mpwa wangu alikuja Jumapili baada ya swala ya Alasiri, mkononi ameshika bahasha ya kaki. Nilikuwa barazani kwetu Kibokoni nangoja muuza kahawa apite. Hata kukaa hakukaa. "Mjomba, nimepata!" Simuni tayari alikuwa na picha ya ndege ya mapanga, yaani ya propela, aliyopangiwa. Ana leseni ya urubani wa biashara na saa 240 za kuruka kwenye daftari lake, na kwa miaka miwili amekuwa akifukuzia makaratasi ya makontena katika ofisi ya kliaringi karibu na Bandari, akingoja kampuni yoyote ya ndege imwite. Sasa imemwita, na imempa siku kumi za kujibu.

Nimeruka miaka 24, nikaajiriwa na kampuni tatu. Nilimpongeza kwa moyo safi. Kisha nikamtuma dukani akanunue kalenda ya ukutani, ile kubwa yenye nafasi ya kuandika, na kalamu mbili, nyekundu na buluu. Tuliyoyafanya jioni ile waweza kuyafanya wewe pia, ikiwa una barua kama yake mezani.

Tafuta ratiba iliyorukwa kweli

Kampuni ikikuita kwenye usaili itakuonyesha ratiba ya mfano. Ni nzuri siku zote. Usiipime kazi kwa hiyo. Tafuta rubani msaidizi anayeruka pale sasa hivi, mnunulie chai, umwombe ratiba za miezi mitatu aliyoimaliza yeye mwenyewe: mmoja wa Agosti, mmoja wa Desemba na mmoja wa Mei. Kwa nini Mei? Kwa sababu sisi wa Pwani twajua: mvua ya masika, wageni wameondoka, baadhi ya hoteli zimefunga milango zipake rangi. Safari hupungua, na zikipungua safari hupungua mshahara wako. Nitaeleza vipi.

Tulizipata hizo ratiba kwa kijana mmoja aliyesoma naye. Nikamwambia: kila siku utakayotoka nyumbani kabla ya Alfajiri au kurudi baada ya Isha, tia nyekundu. Siku uliyo huru kabisa, simu ya kampuni haina haki ya kukuita, tia buluu. Siku ya kukaa nyumbani ukisubiri kuitwa si buluu. Hapo alibisha. "Lakini niko nyumbani, Mjomba." Nikamuuliza kama siku hiyo angeweza kumpeleka mamake Lamu. Akatia nyekundu.

Agosti ilitoka na nyekundu 17 na buluu 8. Halafu nikamwambia aandike mambo ya nyumbani juu ya kalenda nzima: arusi ya binamu, siku ya kliniki ya babake, na Idd mbili za mwaka huo. Idd moja iliangukia nyekundu. Mimi mwenyewe Idd nimezila nyingi kwenye vyumba vya hoteli, na arusi ya dada yangu wa mwisho niliiona kwenye video.

Na kama unafunga, uliza kampuni ina msimamo gani juu ya rubani kuruka akiwa na saumu. Zipo zinazokataza, zipo zinazokuachia mwenyewe. Kuna jambo ambalo hakuna aliyenitayarisha kwalo: ukiwa futi 24,000, jua huchelewa kuzama machoni pako. Chini, Mombasa, watu wameshakula tende na kunywa uji, na wewe bado unaliona jua limekaa pale kwenye ukingo wa mawingu. Dakika zile ni ndefu kuliko mchana mzima.

Hesabu saa unazolipwa na saa unazotoa

Kampuni nyingi za ndege ndogo hulipa mshahara wa msingi, halafu posho kwa kila saa ya kuruka. Saa hiyo huanza ndege inapoanza kusogea na huisha inaposimama kwenye maegesho. Kungoja abiria waliochelewa hakumo. Kukagua ndege kwa tochi gizani hakumo.

Tuchukue siku ya safari nne, Mombasa na Nairobi, kwenda na kurudi mara mbili. Kila safari ni kama saa moja, kwa hiyo saa nne. Mpwa wangu anakaa Kisauni. Ndege ya kwanza ni saa kumi na mbili asubuhi, anatakiwa kuripoti saa kumi na moja, na ili awe salama na Daraja la Nyali na malori ya Changamwe, anaondoka nyumbani saa tisa na nusu usiku. Anamaliza saa tisa alasiri. Nyumbani anaingia saa kumi na nusu, ikiwa njia imemhurumia. Saa kumi na tatu ametoa, saa nne ndizo zina posho. Alikaa kimya akaizungusha kalamu.

Sikumwambia hivyo ili kumtisha. Mtu wa kliaringi naye hutoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi usiku, na hakuna mtu anayemlipa foleni. Ila mtu akikutajia posho ya saa moja, usiizidishe kwa saa zako za kazi. Wengi hufanya kosa hilo, na wanalifanya mbele ya wakwe.

Mwezi ambao huruki

Hapa ndipo nilipokaa naye muda mrefu zaidi, maana ndipo nilipoungua.

Leseni ya rubani wa biashara haina thamani bila cheti cha afya cha daraja la kwanza, na hicho hupimwa upya kila mwaka: macho, masikio, moyo, damu, mkojo. Ukifika miaka 60 kipimo huwa kila miezi sita. Juu ya hapo, mara mbili kwa mwaka unaingia kwenye simulata, mashine inayoiga ndege, wanakuzimia injini wakati wa kuruka, na mkaguzi amekaa nyuma yako anaandika. Mhasibu akishapata cheti chake, hakuna anayerudi kila nusu mwaka kumuuliza kama bado anajua kujumlisha.

Mwaka 2016 nilisimamishwa miezi minne kwa kijiwe cha figo kisichofika punje ya mbaazi. Rubani mwenye kijiwe haruhusiwi kuruka hadi daktari aridhike, kwa sababu kikianza kusogea utalia kama mtoto, na kule juu huwezi kusema "ngojeni kwanza". Nilijitakia. Joto letu la Pwani, safari fupi fupi, na mimi sinywi maji ili nisiende msalani. Marubani wengi wana tabia hiyo. Iache siku ya kwanza.

Miezi ile minne nilipokea mshahara wa msingi mtupu. Wakati ule ulikuwa chini ya nusu ya niliyozoea, na mkopo wa nyumba ulikuwa umepigwa hesabu kwa ile niliyozoea. Bima ya kupoteza leseni sikuwa nayo. Kwa hiyo uliza maswali mawili kabla hujauliza posho: mshahara wa msingi peke yake ni ngapi, na bima ya leseni analipa nani? Kisha panga kodi ya nyumba, karo na deni kwa ule wa msingi. Ukishindwa kuishi kwa huo, kazi hii itakuweka roho juu kila ukipiga chafya.

Wala si afya peke yake. Tarehe 25 Machi 2020 Kenya ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa kwa ajili ya korona. Zile za ndani nazo zikasimama, zikarudi 15 Julai, na za kimataifa 1 Agosti. Mwajiri wangu wa wakati huo alitukata mishahara kwa ujumbe wa simu. Mke wangu alikuwa akiuza mahamri ya kuagizwa, na mimi, keptini wa mistari minne begani, nikawa mpelekaji wa mahamri Kuze na Makadara. Majirani walinunua sana. Nadhani walitaka kuniona.

Karatasi ya kufungwa

Ndege ya aina mpya kwako huirushi bila mafunzo ya aina hiyo, yale tunayoyaita taipu retingi. Ni ghali. Kampuni ikikulipia, hukufunga kwa mkataba: ukiondoka kabla ya miaka kadhaa, unarudisha fedha. Huo ni uungwana, sina neno nao. Lakini soma kama deni linapungua kila mwezi unaofanya kazi, au linabaki zima hadi siku ya mwisho. Tofauti ya hayo mawili ni kubwa kuliko nyongeza yoyote ya posho. Soma pia kitatokea nini wakikuachisha kazi wao, au daktari akikusimamisha.

Mkataba wa mpwa wangu ulikuwa wa miaka mitatu, na haukusema lolote juu ya kupungua. Ulikuwa pia na sentensi moja chini kabisa: makao yake ya kazi ni Mombasa "au kituo kingine chochote kadiri ya mahitaji". Sentensi hiyo yaweza kukukodishia nyumba Nairobi bila wewe kujua.

Sasa upande wa pili

Kijana alikuwa ameanza kununa, na haikuwa haki. Nikamwambia achukue kalamu ya buluu.

Kwake yeye, kazi hii ya kwanza inalipa kwa sarafu mbili, shilingi na saa. Leseni ya juu ya urubani, ile ya kukuwezesha kuwa keptini kwenye ndege za abiria, yataka saa 1,500 pamoja na masharti mengine. Ana 240. Akiruka saa 60 kwa mwezi, atazifikia kwa miezi 21. Hakuna ofisi ya kliaringi itakayompa hizo, na rubani aliyekaa miaka bila kuruka hupoa kama chapati. Kwa hiyo kazi ya kwanza huvumiliwa yale ambayo kazi ya tatu haivumiliwi. Mimi leo nikipewa ratiba ile ya Agosti ningeirudisha. Yeye ana miaka 26.

Pia, ukizima injini kazi imekwisha. Huibebi ndege kwenda nayo nyumbani. Hakuna mteja atakayekupigia saa nne usiku kuhusu kontena lililokwama. Siku ya buluu ni ya buluu kweli.

Tiketi za bei ya wafanyakazi nazipa uzito mdogo. Ni za kusubiri kiti kikibaki, na Desemba hakibaki. Mamangu alikaa siku mbili uwanjani na kikapu chake cha samaki wa kukaanga.

Kisha kuna mambo ambayo kalenda haiyapokei. Njia kuu ya kurukia ya uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, imelala 03 na 21, namba za mielekeo yake miwili: kaskazini-mashariki na kusini-magharibi. Kusi likivuma na wewe watua 21, upepo hukupiga ubavu wa kushoto, ndege inakwenda upande kama kaa, na pale mwisho kabisa unainyoosha kwa mguu na kuishusha bawa la kushoto kidogo, tairi moja kwanza. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na bado nikishuka ngazi huwa natabasamu peke yangu. Na ile safari ya kwanza kutoka Nairobi, Kilimanjaro upande wa kulia imetoa kichwa juu ya mawingu, mita 5,895, abiria wote wamelala. Nimejaribu kuyapa bei nikashindwa. Kama wewe huyasikii haya moyoni, basi zile nyekundu 17 zitakushinda mapema.

Usiku ule aliiandikia kampuni maswali matatu: deni linapungua kila mwezi au la, mshahara wa msingi unabaki muda gani rubani akiugua, na makao yanaweza kubadilishwa kwa ilani ya siku ngapi. Aliogopa watamwona mjuaji. Nikamwambia mtu anayekwenda kukabidhiwa ndege ya abiria anatarajiwa kuuliza.

Jibu lilikuja siku ya saba. Deni litapungua kila mwezi, na wameliandika. Mshahara wa msingi, miezi mitatu. Kuhusu makao hawakusema kitu. Amewauliza tena, zimebaki siku mbili. Kalenda imetundikwa jikoni kwa dada yangu, naye ameshachukua kalamu nyekundu akaizungushia Idd yenyewe, akatia alama ya kuuliza kubwa kuliko tarehe.