Kuzuia saratani isipandikizwe kwenye matundu ya upasuaji wa figo

Ni nadra, lakini hutokea: figo yenye saratani imetolewa kwa matundu madogo, kidonda kimepona, kisha miezi baadaye kovu linaota uvimbe. Saratani ya utando wa njia ya mkojo hupandikizwa hivyo kwa urahisi kuliko ile ya nyama ya figo. Nawaandikia madaktari wanaoanza upasuaji huu, pamoja na manesi wa chumba cha upasuaji.

1. Kama saratani iko kwenye njia ya mkojo, bana ureta (mrija unaoshusha mkojo kutoka figo hadi kibofu) kwa klipu chini ya uvimbe mapema, kabla hujaanza kuisogeza figo. Mkojo wenye seli usishuke.

2. Kata ngozi kwa kipimo cha trokari, yaani bomba la kupitishia vifaa. Ikilegea, ishone kwenye ngozi, maana gesi ya kuvimbisha tumbo inayovuja pembeni yake huweza kubeba seli hadi kwenye jeraha.

3. Shika mafuta yanayoizunguka figo. Uvimbe wenyewe usiuguse.

4. Mfuko wa kutolea figo. Hapa tulia, hata kama saa zimeenda. Ralph Clayman na wenzake walipotoa figo ya kwanza kwa njia hii huko St. Louis, Marekani, mwaka 1990, waliisagia ndani ya mfuko kabla ya kuitoa. Mfuko una umri sawa na upasuaji huu, na bado naona watu wakiuona kama gharama ya kuepukwa! Uwe usiopenyeza maji. Saratani ya njia ya mkojo usiisage kabisa: itoe nzima, patholojia ipate kuona imefika wapi. Mfuko ukikwama kwenye tundu, ongeza jeraha. Usivute kwa nguvu, mfuko utachanika. Zungushia jeraha vitambaa safi kwanza. Figo ikishatoka, badilisheni glavu, na vifaa vilivyogusa uvimbe visirudi mezani.

5. Kama unaweka mrija wa kutoa majimaji, uweke gesi ikiwa bado tumboni. Kisha toa gesi yote kupitia trokari zikiwa mahali pake, ndipo uzichomoe. Ukianza kuchomoa, gesi itatokea moja kwa moja kwenye majeraha.

6. Osha matundu kwa povidoni-ayodini, dawa ya kuua vijidudu. Ushahidi wake mwingi umetoka kwa wanyama, lakini ni dawa rahisi, nami siiachi.

Mgonjwa akirudi kliniki, papasa kila kovu kwa vidole. Ukikuta kinundu kigumu, usikiite fundo la uzi: kipimwe kwa picha ya CT na kikatwe kipande kidogo cha kupima maabara.