Namna ya Kusoma Magofu ya Msikiti wa Kale Pwani

Anza na kibla. Kwa kuwa Makka iko upande wa kaskazini wa pwani ya Afrika Mashariki, mihrabu, yaani kidaka cha imamu, huwa katika ukuta wa kaskazini, na kutoka hapo utatambua safu za nguzo na kisima cha kutawadhia. Chunguza pia mawe ya matumbawe na chokaa, lakini usidhani kwamba Uislamu uliingia pamoja na mawe, kwani huko Shanga, kisiwani Pate, msikiti wa miti ulikuwapo tangu karne ya 8. Ukikuta mwaka wa Hijria, uzidishe kwa 0.97 kisha ujumlishe 622: mwaka 500 uliochongwa katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ni takriban mwaka 1107 BK. Maandishi hayo ya Kikufi, mtindo wa kale wa hati ya Kiarabu, ni mazuri mno. Yatazame kwa utulivu, wala usiyaguse.