Mtoto mwenye ugonjwa wa figo akipata korona, mizani iwe karibu

Jambo hili nimelielewa juzi tu, nikimuuguza mtoto: mpime uzito kila asubuhi, akishakojoa na kabla hajala, kwa mizani ileile na nguo nyepesi, kisha andika. Uzito ukipanda ghafla ndani ya siku moja au mbili, hayo ni maji yanayobaki mwilini, si unene, na mara nyingi mizani huyaona kabla uso au miguu haijavimba. Ukishuka, basi homa, kutapika au kuhara kunamkausha, na figo dhaifu huumia haraka maji yakipungua. Vyovyote iwavyo, mpigie daktari wake ukiwa na namba hizo mkononi. Usimwongezee wala kumpunguzia maji kwa kukisia. Njia hii hushindwa pale mtoto anapovimba huku anatapika, maana uzito unaweza kubaki palepale. Kwa hiyo tazama na mkojo: ukipungua sana, au akihema kwa shida, achana na mizani, mpeleke hospitali. Na tafadhali, homa isikufanye umpe ibuprofeni. Hupunguza damu inayofika kwenye figo. Ulizia parasetamoli.