Culp's Hill juu ya meza: kufinyanga kilima cha Gettysburg kwa klabu ya historia

Ukitaja darasani Gettysburg, pigano la vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani kati ya Kaskazini na Kusini, wanafunzi watakutajia kilima cha Little Round Top na Kanali Joshua Chamberlain wa Kaskazini aliyekitetea, basi. Jioni hiyohiyo ya tarehe 2 Julai 1863, ncha ya kulia ya mstari wa Kaskazini ilishikwa na kikosi cha 137 cha New York pale Culp's Hill, chini ya Kanali David Ireland. Kwa chaki ubaoni kazi yao haieleweki. Kwa udongo inaeleweka kipindi kimoja.

Tafuta plaiwudi ya sm 120 kwa 90, uipigilie juu ya mabanzi mawili isipinde. Sm 1 iwe mita 10 za ardhi, lakini kwenda juu sm 1 iwe mita 5, la sivyo kilima kitakuwa chapati. Kilele kikuu kinakipita kijito cha Rock Creek, upande wa mashariki, kwa karibu mita 49: kipe sm 10. Kilima kidogo cha kusini kiko chini ya kilele hicho kwa mita 30 hivi: kipe sm 4. Katikati acha shingo nyembamba iliyoshuka. Wengi huisawazisha shingo hiyo ili kazi ipendeze, na hapo wameshaharibu somo.

Chukua ndoo moja ya lita 20 ya udongo wa matofali, nusu ndoo ya mchanga uliochekechwa na konzi mbili za majani makavu yaliyokatwakatwa. Usijaze kilima udongo mtupu: nje hukauka kabla ya ndani, kikapasuka. Shindilia maranda kwenye kiroba (anayetoka Mafinga hakosi maranda), kisha kandika juu yake unene wa sm 2 hadi 3. Kausha kivulini siku nne chini ya gunia bichi, maana upepo wa Iringa wa Juni na Julai hukausha ngozi ya juu kwa saa chache. Ufa ukitokea, lowesha kingo zake kwanza ndipo uzibe kwa uji mzito wa udongo uleule. Ukizibwa mkavu, kiraka hubanduka.

Kabla udongo haujakauka kabisa, chomeka vijiti vya mwanzi kwenye mteremko wa mashariki, sm 80 kutoka kileleni hadi shingoni. Hiyo ni kinga ya magogo, mawe na udongo aliyoamuru Jenerali George Greene, mhandisi wa miaka 62, ingawa mkubwa wake, Geary, aliona kinga huwazoesha askari kujificha. Shingoni ongeza kinga fupi inayorudi nyuma kwa pembe mraba. Endeleza vijiti pia hadi kilima kidogo, ila huko usiweke mtu: askari wake walihamishiwa kushoto.

Punje moja ni askari 50. Greene anapata punje 28 za mahindi; 9 za mwisho kusini ni kikosi cha 137, zipake rangi. Ng'ambo ya kijito weka maharage 90 ya Kusini. Yasukume: yanayopanda moja kwa moja yanakwama, lakini ya Steuart, jenerali wa Kusini, yanaingia kwenye kinga tupu na kugeukia kaskazini. Simama hapo, uwaulize wanafunzi wangefanya nini. Kisha zirudishe punje 9 hadi kinga fupi, zitazame kusini. Nyuma yao ipo barabara ya Baltimore Pike, njia ya nyuma ya jeshi zima. Toa punje 3: waliuawa 40, wakajeruhiwa 87, hawakuonekana 10, jumla 137, sawasawa na namba ya kikosi. Punje 15 za msaada zigawe mstarini, baadhi zifike kwa Ireland.

Kwa nini askari wa 137 hawajulikani? Ireland alikufa kwa ugonjwa Septemba 1864. Chamberlain aliishi hadi 1914, akiandika na kuhutubia.

Sema “Kaskazini”, usiseme “Muungano”, jina jingine la upande huo, maana vijana wetu watafikiria Tanganyika na Zanzibar. Atakayeuliza kuhusu Kalenga, ngome ya Mkwawa, mwambie ile ya 1894 ilikuwa vita dhidi ya mkoloni, si ya wenyewe kwa wenyewe. Na punje zifungie kwenye kopo kila jioni: panya wa stoo hawabagui Kaskazini na Kusini.