Kuiendea Tiba ya Sumaku ya Ubongo kwa Mgonjwa wa OCD

Mtu anayerudia kutawadha mara saba kwa kuwa nafsi yake haikubali kwamba udhu umetimia, au anayeamka usiku kuhakiki kitasa alichokwisha kukifunga, hana upungufu wa imani wala wa akili. Ana maradhi yanayotibika, ambayo madaktari huyaita OCD, yaani maradhi ya mawazo yasiyokoma yanayomsukuma mtu kurudiarudia vitendo, na ambayo wengi wetu huyaita wasiwasi tu. Maelekezo haya ni kwa ajili ya mgonjwa huyo, au ndugu anayemsindikiza, aliyeshauriwa na daktari kufikiria tiba ya sumaku.

Kabla ya yote, hakikisha kwamba matibabu ya msingi yametumika ipasavyo, yaani tiba ya kisaikolojia ya kuikabili hofu huku ukijizuia kutenda kile ambacho wasiwasi unakusukuma kukirudia, pamoja na dawa kama fluoksetini au setralini, ambazo huhitaji wiki 8 hadi 12 kwa dozi ya kutosha. Aliyeacha dawa wiki ya tatu bado hajaijaribu. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliporuhusu kifaa cha kwanza cha sumaku kwa OCD, Agosti 2018, ilikiruhusu kama kisaidizi cha matibabu hayo.

Mweleze daktari bila kuficha kama una kipande chochote cha chuma kichwani, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa au kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, na kama umewahi kupata kifafa au degedege. Taja dawa zote unazotumia, kiasi cha pombe unachokunywa na jinsi unavyolala, kwa kuwa mambo hayo yanaweza kuongeza hatari ya degedege. Hatari hiyo ni ndogo sana, lakini ipo. Maumivu ya kichwa ndiyo malalamiko ya kawaida, na kwa sababu mashine ina kelele, utavaa vizibo vya masikio.

Tiba hii haihitaji upasuaji wala dawa ya usingizi. Koili, yaani waya uliozungushwa, iliyo ndani ya kofia hutoa mapigo ya sumaku yanayopenya fuvu na kuzua mkondo mdogo wa umeme katika sehemu ya mbele ya ubongo, karibu na eneo linalohusika na kutambua makosa, ambalo kwa mgonjwa wa OCD huwa kama kengele isiyonyamaza. Siku ya kwanza mtaalamu hupandisha nguvu ya mapigo kidogo kidogo hadi vidole vya mguu vicheze, na hicho ndicho kipimo anachokitumia kukupangia nguvu ya tiba yako.

Jambo linalopuuzwa zaidi, na ambalo ningependa ulishike kwa mikono miwili, ni dakika chache kabla ya mapigo kuanza. Katika utaratibu huo uliopewa kibali, hofu ya mgonjwa huchokozwa kwa makusudi ili mizunguko ya ubongo inayolengwa iwe imeamka. Kwa hiyo, andaa na mtaalamu wako orodha ya mambo yanayokusumbua, kuanzia mepesi hadi mazito. Mwenye wasiwasi wa udhu anaweza kuulizwa, “Una hakika maji yalifika kwenye visigino?” na kuachwa bila jibu. Dhiki inayotakiwa ni ya wastani, kama 4 hadi 7 kwa kipimo cha 10. Usiitulize kimoyomoyo kwa dua ya kurudiarudia wala kwa kuhesabu, na ndugu aliye karibu asikuhakikishie kwamba mambo ni salama, hata kama huruma inamsukuma. Kisha mashine hupiga kwa sekunde 2 na kupumzika sekunde 20, mara 50, jumla ya mapigo 2,000 katika dakika zipatazo 18.

Vikao ni 29 ndani ya wiki sita, kwa hiyo panga nauli na ruhusa ya kazini mapema.

Kuhusu matarajio, utafiti uliochapishwa mwaka 2019, wenye washiriki 99 katika vituo 11, ulionyesha kwamba asilimia 38 ya waliopata tiba halisi walipata nafuu ya kuhesabika, dhidi ya asilimia 11 ya waliowekewa mapigo ya kuigiza. Nafuu hiyo ilikuwa kushuka kwa angalau asilimia 30 katika kipimo cha Yale-Brown, ambacho hupima ukali wa OCD kwa alama, mfano kutoka alama 30 hadi 21. Omba upimwe kabla, katikati na mwishoni, uamue kwa alama badala ya hisia za siku moja.

Usinunue vifaa vya umeme hafifu vinavyouzwa mtandaoni ili ujitibu nyumbani. Ushahidi wake kwa OCD bado ni dhaifu, na hakuna atakayekuangalia ukipata madhara. Fedha hiyo iweke kwa ajili ya vikao vya kisaikolojia, na miadi ya kwanza baada ya kikao cha 29 iwe imekwisha kuandikwa kabla hujaivua kofia ile kwa mara ya mwisho.