Kuchanja kuku mdondo kwa tone la jicho, kwa wenye boma la kila aina ya mfugo

Juzi nilikuwa namsaidia jirani kuchanja, nikaona bora niandike tu, maana kila msimu naulizwa yaleyale. Ana kuku wa kienyeji, kanga, bata, njiwa, mbuzi na mbwa, wote uwanja mmoja, kama maboma mengi huku Singida. Kumchanja kuku mmoja ni sekunde chache. Kinachowashinda watu ni kuwapata kuku wote, kwa hiyo hapo ndo nitakaa sana.

Kwa asiyejua, mdondo (wengine wanaita kideri) ni kirusi, hauna tiba, na ukiingia kwenye kuku wasio na chanjo unaweza ukafagia banda zima ndani ya siku chache. Njia ni kuwahi tu.

Hatua ya 1: Nunua chanjo

Mi natumia chanjo ya mdondo inayoitwa I-2, ya matone, ile inayotengenezwa na TVLA (wakala wa maabara za mifugo wa serikali) kule Kibaha. Wapo wanaotumia LaSota, chanjo nyingine ya mdondo wanayowapa kwenye maji ya kunywa, sawa, kwa kuku wa kufungiwa ni nzuri, ila kuku wa kienyeji utajuaje kanywa? Huyu kanywa dimbwini, yule kwenye sufuria ya mbwa, mwingine kwenye maji ya mbuzi, afu unajidanganya umechanja. Tone la jicho unaliona kwa macho yako. Halafu LaSota inataka ubaridi muda wote, I-2 inavumilia joto kiasi. Kuvumilia sio kuiacha juani lakini, ifunge kwa kitambaa kibichi au itie kwenye themosi yenye maji baridi mpaka nyumbani. Angalia tarehe ya kuisha na idadi ya dozi kwenye chupa.

Hatua ya 2: Walaze ndani wote (hii isome mara mbili)

Kazi ya kuchanja inaharibika usiku wa kuamkia siku yenyewe, sio asubuhi yake. Kuku wa kienyeji analala anapotaka, mwingine mwembeni, mwingine juu ya paa la zizi la mbuzi, mwingine jikoni kwenye kuni. Asubuhi ukifungua mlango nusu ya kuku uliokuja kuwachanja wako nje wanakuangalia, na kumkimbiza kuku mchana ni kujitafutia kuanguka.

Kwa hiyo anza siku kadhaa kabla. Kila jioni jua halijazama wape pumba au mtama ndani ya banda, sio uwanjani, mchana usiwape kingi. Wengi watazoea kuingia wenyewe. Siku ya mwisho wahesabu wakiwa wanaingia, na kama hujui una kuku wangapi basi huo ndo wakati wa kujua.

Wanaokosekana wafuate giza likishakolea. Kuku gizani haoni, anatulia tu. Tochi ya simu inatosha ila ifunike na vidole mwanga usiwe mkali. Shika miguu yote miwili kwa pamoja, usishike mkia, atakuachia manyoya mkononi na kuwaamsha wenzake. Aliye juu ya mti usimtupie kitu, atahamia kwa jirani. Chukua fito ndefu, isogeze taratibu mpaka iguse kifua chake juu kidogo ya miguu, sukuma kidogo, atapanda mwenyewe kwenye fito, unamshusha.

Kanga ni habari nyingine. Ukimkurupua usiku anapiga kelele, mbwa wanadakia, mbuzi wanaanza kusukumana zizini, na kazi imeishia hapo. Hao wafungie mapema kwa chakula, na wakati wa kuwakamata USISHIKE MIGUU, inavunjika au kuteguka kirahisi, mkumbatie mwili mzima na mbawa.

Kuku anayeatamia mwache kwenye kiota, utamfuata hapohapo umtilie tone, usimwinue. Mwenye vifaranga mfunike na tenga pamoja na watoto wake. Mbwa wafunge, mbuzi usiwafungulie mpaka umalize, hata wapige kelele vipi.

Kuna na yule jogoo anayelala kwa jirani, kila boma linaye. Ndo maana nasema mchanje siku moja na majirani. Kuku hawajui mpaka wa kiwanja.

Hatua ya 3: Asubuhi

Anzeni kabla hakujapambazuka vizuri. Mmoja anakamata na kushika, mmoja anadondosha. Aliyechanjwa anatolewa nje, asiyechanjwa yuko ndani. Ukimrudisha ndani umepoteza hesabu.

Hatua ya 4: Tone

Laza kichwa cha kuku upande, jicho moja liangalie juu. Chupa igeuze wima kabisa, ukiipinda tone linatoka dogo. Mdomo wa chupa usiguse jicho. Tone moja, jicho moja, awe jogoo au kifaranga cha jana. Usimwachie mpaka apepese na tone lienee, likimwagika rudia. Bata mara nyingi hawaonyeshi ugonjwa ila wanaweza kubeba kirusi, kwa hiyo dozi zikibaki na wao nawapa.

Kuku aliyejikunyata, anaharisha kijani au shingo imepinda, mwache kabisa. Chanjo sio dawa, na mikono yako ikitoka kwake itawapelekea wazima. Kinga yenyewe inachukua wiki moja mpaka mbili kujengeka, ndo maana kuchanja mdondo ukishaingia bomani ni kuchelewa, piga simu kwa afisa mifugo.

Nyama na mayai endelea kula kama kawaida, hili naulizwa sana.

Hatua ya 5: Rudia

Kila miezi mitatu au minne, andika kwenye kalenda ya ukutani, na hakikisha mzunguko mmoja unaangukia kabla kiangazi hakijakolea. Kuku uliyemnunua mnadani usimchanganye siku hiyohiyo, mtenge wiki mbili kwanza.

Chupa tupu fukia, watoto wasiichezee.