Kuku wako wanaamsha mtaa saa 10 alfajiri? Anza na taa ya jikoni

Naandika haya nimekaa dakani kwa mama, Langoni, Lamu, sasa hivi wamepita punda wawili na mawe ya kujengea na mmoja akalia mpaka paka wakakimbia, hakuna hata mtu mmoja aliyechungulia dirishani. Hapa mnyama akilia kalia, basi. Shida ni sisi tulioko nje, tukipata tu nyumba yenye kiuwanja nyuma tunakimbilia kununua kuku, tunasahau kwamba jirani wa kule ana namba ya kaunsili, yaani serikali ya mtaa, kwenye simu na haoni haya kuipiga.

Mimi nakaa Uingereza, nyumba zenyewe zimebanana ukuta kwa ukuta, nina matetea wanne, jogoo sina. Mwaka wa kwanza, ilipofika Juni, nikakuta karatasi imepenyezwa mlangoni, imeandikwa kwa adabu kabisa lakini unaisoma unaona kabisa mtu kakasirika: kuku wako wananiamsha kabla ya saa 11 kila siku na mimi natoka kazini usiku. Nikaona aibu wallahi.

Kwanza jua lenyewe, manake hili sisi tuliozaliwa pwani hatulifikirii. Lamu jua linatoka kwenye saa 12 mwaka mzima, likizidi ni dakika chache huku au kule. London katikati ya Juni linatoka kama saa 10 na dakika 43 alfajiri, na weupe unaanza mapema kuliko hapo, halafu Disemba unangoja mpaka saa 2 asubuhi. Kuku hajui saa ya ukutani, anajua mwanga tu. Kwa hiyo kuku yule yule ambaye Januari ni mpole kama hayupo, Juni anakuwa mwadhini.

Nikafanya kama wote tunavyofanya, nikaingia mtandaoni, nikanunua pazia zito nikafunika banda. Kelele zikapungua kidogo tu. Ndipo nikaamua kuacha simu ya zamani karibu na banda irekodi siku tatu mfululizo, na hili nakushauri ulifanye kabla hujatoa hata senti moja, kwa sababu nilichosikia kilinichekesha na kuniudhi. Kuku walikuwa kimya! Wako kimya kabisa mpaka dakika ile mimi naamka kuswali alfajiri na kuwasha taa ya jikoni nitie udhu. Taa ikiwaka tu, mmoja anaanza, wa pili anadakia, wakimaliza wote wanne wanapiga kelele kama wameibiwa. Kwa nini? Kwa sababu nikishaswali nilikuwa sirudi kulala, naenda moja kwa moja kuwafungulia na kuwatupia mahindi. Miezi yote ile nimewasomesha mwenyewe: taa ya jikoni maana yake chakula, na ukipiga kelele kinakuja haraka.

Nilipomsimulia mama kwenye simu alicheka mpaka akakohoa. "Kuku ana ndaa (njaa) siku zote, mwanangu, ukimsikiza yeye hulali." Yeye kuku wake wako kwenye tundu pale kiwandani, yaani uani, na hata wakipayuka vipi hafungui mpaka jua lifike kwenye ukuta wa upande wa pili. Akija wakiwa wanalia, anapita kama hawaoni, anachota maji yake anarudi. Wakinyamaza ndio anafungua. Mimi nimekulia nyumba ile na sikuwahi kuliona jambo hili, nilidhani ni uvivu tu.

Basi ndio dawa yangu namba moja na haina gharama: usitoke wakati wanalia. Ngoja wanyamaze hata dakika moja, ndio uende. Na muda wa chakula usifuatane na kuamka kwako, mimi sasa nakula kwanza chai yangu, kuku ni saa 1 na nusu. Taa ya jikoni nikaiwekea pazia. Wiki ya kwanza walizidisha kelele, usikate tamaa hapo, ni kama mtoto unayemwachisha ziwa, ukilegea siku moja umeanza upya. Wiki ya tatu wakaelewa.

Halafu giza. Banda liwe na giza ndani lakini lisikose hewa, haya ni mambo mawili tofauti na watu wengi wanaziba kila tundu, asubuhi ukifungua ile harufu ya kinyesi inakuchoma macho, sasa fikiria kuku kalala humo. Acha matundu ya hewa juu, chini ya paa, uyawekee kibao cha kukinga mbele ili upepo upite na mwanga usiingie moja kwa moja. Fito za kulalia ziwe juu kuliko viota, na kila kuku apate nafasi ya kama sentimita 20 au 25, wakibanana wanadonoana alfajiri na hiyo nayo ni kelele. Kama utawafungia mpaka saa 1 wakati jua limetoka saa 10 na kitu, basi maji yawepo ndani na banda lisiwe kijisanduku, usije ukawapika.

Jioni kabla hawajalala wape punje, ngano au mahindi yaliyovunjwa, ukonzi mdogo tu kwa kila mmoja. Punje zinachelewa kusagika, kuku anaamka tumboni bado mna kitu. Chakula usikiache nje usiku, utafuga panya.

Kuna kelele moja lakini huwezi kuizima, ni ile ya kutetea akitaga. Yai huchukua kama saa 25 au 26 kutengenezwa, ndio maana kila siku anataga amechelewa kidogo kuliko jana, na kelele yake inahamahama na mara nyingi ni asubuhi katikati, watu washaamka. Unachoweza kuondoa ni ugomvi wa kiota. Kuku wanne wana viota viwili na wote wanakitaka kimoja, huo ni ukuku wao, lakini wakikuta kimoja tu basi anayengoja anapiga yowe mlangoni. Kwa kuku wanne weka viota viwili, viwe na giza na nyasi kavu.

Ukiona umefanya yote na bado usiku hawatulii, au jioni wanakataa kuingia bandani, kagua utitiri. Mchana wanajificha kwenye nyufa, usiku wanatoka kunyonya damu, na joto ndio raha yao. Chukua karatasi nyeupe ya chooni usiku, pitisha chini ya fito, ikitoka na madoa mekundu umepata jibu. Hapo hakuna pazia litakalosaidia, ni kutoa kila kitu, kuosha kwa maji ya moto kila ufa, na kutia dawa ya utitiri, kisha kurudia baada ya siku chache kwa sababu mayai yao yanabaki.

Jogoo sitasema mengi. Usifuge. Jogoo ana saa yake mwilini, huwika hata gizani kabla ya kucha, na zile kola za kumbana shingo asiwike mimi siwezi kumfanyia mnyama. New York, kwa mfano, kuku unaruhusiwa, jogoo hapana, na miji mingi ya Marekani ina sheria zake, uliza wa kwako. Ukinunua vifaranga visivyochaguliwa jinsia karibu nusu watatoka vijogoo, kwa hiyo nunua mitetea iliyokaribia kutaga. Kuku wa aina ya Orpington na Brahma ni wapole, Leghorn ana domo. Najua kuna mtu wa Lamu anasoma hapa anawaza kuchi wake mwenye shingo ndefu, mwache huku huku.

Kwa walioko Uingereza, makaratasi kidogo, si unajua kuku mgeni hakosi kamba mguuni. England na Wales tangu 1 Oktoba 2024 lazima uandikishe kuku wako hata akiwa mmoja, Scotland ilianza mwezi mmoja kabla. Na makombo ya jikoni kuwapa kuku ni kosa kisheria, hata majani ya sukuma yaliyopita jikoni kwako, isipokuwa nyumba ambayo hakiingii kitu chochote cha mnyama. Mama hakuliamini hili, akaniuliza basi wanakula nini. Kelele ikizidi kaunsili wanaweza kukuandikia amri ya kuizuia chini ya sheria ya mazingira ya 1990, na ukiipuuza unaishia mahakamani. Soma pia mkataba wa nyumba, wengine mmezuiwa kuku humo humo na hamjui.

Jirani yangu nilimwendea na mayai sita, nikamwambia saa ambazo nitakuwa nafungua, nikampa namba yangu ya WhatsApp anitumie ujumbe kabla hajafika mbali. Kanitumia mara mbili tu mwaka mzima, mara ya pili ilikuwa kuuliza kama kuna mayai.

Mwisho ni mlango wa banda unaofunguka wenyewe. Nunua wa taima, si wa sensa ya mwanga, manake sensa Juni inafungua alfajiri ile ile unayoikimbia. Lakini taima nayo ina mtego wake: ukiiacha saa 1 mpaka Disemba inafungua gizani na mbweha yuko nje anangoja, kwa hiyo baridi ikiingia isogeze mpaka saa 2 na robo hivi. Na Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za Uingereza zikirudishwa nyuma saa moja taima haina habari, itafungua saa 12, nenda ukaibadilishe usiku ule ule kabla hujalala.